Miaka ya gemu kung'aa kupita kiasi

Fungua leo gemu nyingi za mwaka 2006, utashangaa: kila kitu kinawaka. Mawe yanawaka, nyuso zinawaka, hata shati la mkulima linatoa nuru kama la malaika.

Chanzo chake kilikuwa shida ya kweli. Skrini ina kikomo cha weupe. Katika picha za kawaida za kompyuta, kila rangi ya msingi ina ngazi 256. Ikifika ya juu kabisa, jua na karatasi nyeupe vinakuwa sawa. Lakini mwanga mkali ukiingia jichoni, au kwenye lenzi ya kamera, hutawanyika kidogo pembeni. Wataalamu wakauiga mtawanyiko huo: programu huchagua sehemu zenye mwanga mkali, huzitia ukungu, kisha huzipachika tena juu ya picha ileile. Mchezaji anaona jua kali ambalo skrini haiwezi kulitoa.

ICO ya Fumito Ueda, iliyotoka mwaka 2001 kwenye PlayStation 2, iliutumia mng'ao huo kwa kazi maalumu. Mvulana amefungwa ndani ya ngome yenye giza. Weupe unaomwagika kutoka nje ndio uhuru anaoutafuta.

Kadi za grafiki zilipopata nguvu, kiasi kikasahaulika. Oktoba 2005 kampuni ya Valve ilitoa Lost Coast, kipande kifupi cha gemu yake Half-Life 2 kilichotengenezwa mahususi kuonyesha hesabu mpya za mwanga. Mwezi uliofuata Xbox 360 ikaingia sokoni, na studio nyingi zikataka kuthibitisha kwamba kazi zao ni za kizazi kipya. Njia rahisi ilikuwa kung'arisha kila kilichokaribia weupe, bila kuuliza kama ni taa au ni shati. Syndicate ya mwaka 2012 ilivuka mipaka. Wachezaji walilalamika kwamba taa zake zinaumiza macho.

Mitindo mingine ya kuiga kamera nayo ikazuka. Askari wa Battlefield 3, ya mwaka 2011, anatazama vita kwa macho yake mwenyewe, lakini mbele yake pana lenzi yenye vumbi! Vumbi la nani?

Oblivion ya mwaka 2006, kwenye kompyuta, iliacha uamuzi kwa mchezaji: mng'ao unazimwa kwenye mipangilio. Ukiirudia gemu hiyo, uzime. Ukicheza ICO, uache ulivyo.