Chumba cha rubani

Rubani alianza baharini: ndiye aliyejua miamba na kina cha maji, akakiingiza chombo bandarini salama. Usukani nao umetoka huko huko. Leo rubani huongoza ndege pia, na wapo wapenzi wa ndege wanaojenga chumba cha rubani nyumbani, wengi wakiiga Boeing 737. Vipande vingi huchorwa kwanza kwenye kompyuta, ndipo vikakatwa kwa mashine, kama ile ya leza. Vipimo havina huruma: paneli za redio zilizo kati ya viti viwili zina upana wa milimita 146, na ukizidisha kidogo tu haziketi kwenye reli zake. Chumba cha rubani wengine hukiita kokpiti. Mimi nashikilia chumba, maana watu hawa wanajenga chumba kwelikweli, chenye viti na madirisha.