Kizi, Kazi na Jiwe la Dimbani

Ukifika Kizimkazi Dimbani, kusini mwa Unguja, msikiti wake unaweza kuupita hivi hivi. Paa la bati, kuta za kawaida. Utadhani wanakijiji waliuchangia juzi tu. Vua viatu uingie, utazame upande wa kibla. Hapo mihirabu imezungukwa na hati ya Kikufi iliyochongwa kwenye jiwe la matumbawe. Mwaka uliotajwa ni 500 Hijria, yaani 1107 Miladia, na aliyeamuru ujenzi ni Sheikh Abu Imran. Sehemu kubwa ya jengo ilijengwa upya mwaka 1184 Hijria, karibu na 1770, lakini hati ya kale ikaachwa mahali pake.

Masimulizi ya jina la Kizimkazi hayaanzii kwa Abu Imran. Yanaanzia kwa mfalme Kizi na fundi wake wa mawe, Kazi. Fundi aliujenga msikiti vizuri mno, hata mfalme akaamuru akatwe mkono asije akamjengea mwingine mfano wake. Siku maadui walipotokea baharini, Kizi aliomba dua, nyuki wakatoka makundi kwa makundi wakawatimua. Maadui wakarudi tena. Safari hii Kizi alikimbilia pango la pwani, mwamba ukafunguka, akaingia, ukajifunga nyuma yake.

Hiyo "m" iliyokaa kati ya Kizi na Kazi hunisumbua, nami sioni kisa hiki kikiieleza. Tena jiwe la mihirabu halimtaji yeyote kati yao. Hata hivyo nakipenda kwa sababu moja: kimemkumbuka fundi. Hati imemtaja aliyeamuru, na mkono uliochonga zile herufi haukuachiwa hata jina. Nje ya msikiti kuna makaburi ya masharifu, na mmoja wao husimuliwa kuwa alikuwa na mkono mmoja na mguu mmoja. Sijui kama ni sadfa, ila mikono iliyopungua inajirudia sana hapa.

Siku hizi Kizimkazi inajulikana kwa pomboo, na kwa kuwa ndiko nyumbani kwa Rais Samia Suluhu Hassan. Boti za watalii hutoka Dimbani na pia Mkunguni, kijiji pacha upande wa kusini. Jina la Mkunguni halihitaji mfalme wala nyuki: ni penye mkungu.