Picha ya Sokoni na Njia Isiyopigwa Picha

Ndugu msomaji, ukifika Mkunazini, mjini Unguja, utaliona kanisa kubwa la Waanglikana. Jiwe lake la msingi liliwekwa siku ya Krismasi, mwaka 1873. Miezi michache kabla ya siku hiyo, hapo palikuwa na soko ambalo bidhaa yake ilikuwa mwanaadamu.

Mwezi Agosti 1860, Sayyid Majid bin Said akitawala, walifika Unguja Waingereza wawili waliokuwa wakitafuta chimbuko la mto Nile: John Hanning Speke na mwenzake Mskoti, James Augustus Grant. Grant alichukua kamera. Picha alizopiga ni miongoni mwa za kale kabisa zijulikanazo za mji ule, na moja ni ya soko la watumwa.

Kazi hiyo haikuwa nyepesi. Kioo kilipakwa dawa, kikatumbukizwa katika maji yenye madini ya fedha, kikatiwa ndani ya kamera, kisha kikasafishwa gizani kingali kibichi. Aliyetikisika alitoka kama kivuli. Lakini soko halikuwa kivuli. Lilikuwa uwanjani, mchana, mbele ya macho ya watu, na forodha ikitoza ushuru kwa kila kichwa kilichoingia. Jambo la namna hiyo si dhambi ya siri ya mtu mmoja. Ni jambo la dola na la mji mzima.

Sasa tumfuate mpiga picha huyu bara. Speke aliona kwamba kazi ya madawa ndani ya hema lenye joto ni nzito mno kwa hali ya hewa ile, akavirudisha vyombo. Grant akashika kalamu na rangi za maji. Basi walipovuka Ugogo na kuingia Mgunda Mkali, mwisho wa mwaka 1860, kamera haikuwapo. Pori hilo leo limo upande wa Manyoni na Itigi, mkoani Singida, na jina lake maana yake ni shamba kali. Mvua iliwapiga, njaa ikawashika, wapagazi wengi wakatoroka. Walifika Unyanyembe mwishoni mwa Januari 1861.

Njia hiyo ilikuwa ya pembe za ndovu. Wanyamwezi wengi waliobeba mizigo walikuwa watu huru, wakifanya kazi kwa ujira. Lakini walipita pia waliofungwa, ingawa wengi wa walioletwa Unguja walitoka upande wa Nyasa kwa njia ya Kilwa. Picha ya sokoni yatuonyesha hatua yao ya mwisho tu. Kiu na mizigo ya njiani haimo, wala mama aliyeachwa nyuma.

Katika msafara huo alikuwamo Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyetekwa angali mtoto, akauzwa Kilwa, akapelekwa Bara Hindi. Bwana wake alipofariki akawa huru, akarejea Unguja. Aliivuka Mgunda Mkali kwa miguu yake, safari hii akiwa miongoni mwa viongozi. Huyu hakuwa bidhaa. Alikuwa mtu kamili, mwenye akili na ulimi wa kusimulia.

Wako wanaozitumia picha kama hizi kuutukana Uislamu, na wako wetu wanaotaka zifichwe. Wote wamekosea. Dini yetu imehesabu kumwacha huru mtumwa kuwa ni katika mema makubwa. Sura ya Al-Balad yataja hilo wazi. Na juu ya hayo, soko letu liliendelea, misikiti ikiwa karibu. Lilifungwa Juni 1873, Sayyid Barghash alipotia saini mkataba chini ya kitisho cha manowari za Kiingereza, na utumwa wenyewe ukapoteza nguvu ya sheria Unguja mwaka 1897. Yatuuma kukiri kwamba jema tulilohimizwa na Kitabu tulilingojea mpaka tukashurutishwa na mizinga.

Leo kila kijana ana kamera mfukoni. Mfundishe mwanao, aionapo picha ya mnyonge, aulize: huyu nani, amefikaje hapa, na je, mpiga picha alimwomba ruhusa? Na wewe, ukisafiri kwenda Tabora ukapita Manyoni au Itigi, tazama pori lile, uwaombee rehema walioanguka njiani bila ya kaburi wala picha.