Juu ya Kujiua: Mkwawa, Cato na Rosa Mistika

Lugha yetu ina maneno mawili yanayokaa karibu sana, lakini hayasalimiani. La kwanza ni kujiua. La pili ni kujitoa mhanga. Hili la pili halina lazima ya kifo, kwani mtu aweza kujitoa mhanga kwa mali yake au kwa usingizi wake. Walakini tukitaka kumtukuza mtu aliyekufa kwa mkono wake mwenyewe, ndilo tunaloliendea mbio. Siku hizi redio na magazeti yamelitwaa neno hilo yakalifunga kwenye mabomu, hata limeanza kunuka baruti. Hilo ni jambo la kusikitisha, lakini si ndilo tunalokusudia kulieleza hapa.

Tulipokuwa karani kijana katika wilaya moja ya bara, msichana mmoja wa shule alijiua. Alizikwa jioni, kandokando ya shamba la babaye, mbele ya watu wachache. Kiongozi wa dini alitoa udhuru. Walimu waliagizwa wasimtaje darasani. Majuma machache baadaye, katika uwanja wa shule ile ile, wanafunzi waliigiza kifo cha Mtwa Mkwawa mbele ya wageni. Kijana aliyecheza nafasi ya Mkwawa alianguka vizuri sana, wageni wakataka aanguke tena, nasi tukapiga makofi. Hatukuona kinyume chochote. Makala haya yametokana na makofi yale.

Tuanze na huyo Mkwawa, maana kila mwanafunzi wa Tanzania humfahamu, au hudhani anamfahamu. Mkwavinyika Munyigumba Mwamuyinga aliliangamiza jeshi la Wajerumani pale Lugalo tarehe 17 Agosti 1891, na kamanda wao, Emil von Zelewski, akafia hapo hapo. Mwaka 1894 Wajerumani waliirudia Uhehe wakiwa na mizinga, wakaiteka ngome ya Kalenga. Mkwawa hakusalimu amri. Kwa muda wa karibu miaka minne alipigana vita vya msituni, akilishwa na kufichwa na watu wake, ilhali mashamba ya watu hao yakichomwa moto ili wachoke kumficha. Wajerumani walimtawaza nduguye, Mpangile, kisha mwaka 1897 wakamnyonga huyo huyo waliyemtawaza. Walitangaza zawadi ya rupia 5,000 kwa yeyote atakayeleta kichwa cha Mkwawa. Mwezi Julai 1898, akiwa amebakiwa na wafuasi wa kuhesabika kwa vidole, alijiua huko Mlambalasi. Maadui walipofika walimkuta amekwisha kufa, nao wakakichukua kichwa.

Kisa cha kichwa hicho ni kirefu kuliko cha kifo chenyewe. Kifungu cha 246 cha Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919 kiliidai Ujerumani ikirudishe ndani ya miezi sita. Miezi hiyo sita ikawa miaka thelathini na mitano. Hatimaye Gavana Edward Twining alilichagua fuvu moja kati ya mafuvu mengi yaliyokuwa katika jumba la makumbusho la Bremen, na mwaka 1954 likakabidhiwa Kalenga kwa Chifu Adam Sapi, mjukuu wa Mkwawa, ambaye baadaye alikuwa Spika wa Bunge letu.

Hapa hatuna budi kuwanong'oneza walimu jambo moja. Kisa hiki kikisimuliwa darasani, aghalabu hufupishwa mpaka kikabaki dakika moja, ile ya mwisho. Lakini dakika ile siyo iliyomfanya Mkwawa kuwa Mkwawa. Kilichomfanya ni ile miaka saba tangu Lugalo, aliyoishi akikataa. Angekufa kwa homa huko porini tungali tungemwita shujaa. Tena tukiitazama dakika ile bila ngoma na vigelegele, twaona mtu aliyezungukwa, aliyefunguliwa milango miwili tu, na kitanzi alichovikwa nduguye kikiwa nyuma ya mmojawapo. Waliofunga milango mingine twawajua kwa majina na kwa vyeo vyao.

Sasa twende mbali kidogo, Afrika ya Kaskazini, karne nyingi kabla ya Mkwawa. Mwaka 46 kabla ya Kristo, Cato wa Roma alijikuta katika mji wa Utica, karibu na Karthago, majeshi ya Julius Caesar yakimkaribia. Cato alikuwa mfuasi wa falsafa ya Wastoa, waliofundisha kwamba mwenye hekima aweza kuuacha uhai kama mtu anavyotoka katika nyumba iliyojaa moshi. Alijiua ili asipokee msamaha wa Caesar. Mwandishi Plutarch asimulia kwamba usiku ule Cato alikuwa akisoma kitabu cha Plato kiitwacho Phaedo, chenye habari za siku ya mwisho ya Socrates. Hili hutuchekesha na kutuhuzunisha kwa pamoja, kwa sababu katika kitabu hicho hicho Socrates akataza jambo alilolitenda Cato. Asema kwamba sisi ni mali ya miungu, wala haifai mlinzi kuliacha lindo lake kabla hajaruhusiwa. Mtu aliyeazimia kufa aweza kusoma hoja ya kumzuia na asiione. Basi tusidhani kwamba hoja peke yake, hata ikiwa nzuri namna gani, yatosha kumwokoa mtu usiku wa manane.

Kifo cha Cato kilifika madarasani mwetu kwa njia ya ajabu. Katika mchezo wa Shakespeare, Brutus, ambaye alikuwa mkwewe Cato, anamlaumu Cato kwa kujiua. Kisha vita vinapomgeukia huko Philippi, naye anafanya vivyo hivyo. Mwalimu Nyerere aliutafsiri mchezo huo kwa Kiswahili mwaka 1963, akaisahihisha tafsiri yake mwaka 1969 kwa jina la Juliasi Kaizari. Katika mchezo huo mmoja watu wanne wanajiua: Portia, Cassius, Titinius na Brutus. Watatu wanasifiwa uwanjani kwa Urumi wao. Portia, mkewe Brutus, anafia nyumbani, na habari zake zinapita katika mistari michache. Twawaomba wanafunzi wamtazame tena Portia.

Dini zilikuja na neno zito zaidi, na hapa ndipo wengi wetu hudhani shauri limekwisha. Lakini Biblia yasimulia vifo vya Samsoni, mfalme Sauli na Ahithofeli pasipo kutamka hukumu juu ya tendo lenyewe. Tena Ahithofeli alizikwa katika kaburi la babaye. Hukumu ilikuja kuandikwa waziwazi na Mtakatifu Augustino, Mwafrika wa Kaskazini, askofu wa Hippo. Aliandika nini, na kwa nini? Mwaka 410 mji wa Roma ulitekwa na Wagothi, na wanawake wengi wakanajisiwa. Baadhi yao walijiua kwa aibu, na wapagani wakawacheka wale waliobaki hai, wakiwatajia Lucretia wa zamani aliyejiua baada ya kunajisiwa. Augustino akawajibu katika kitabu chake Mji wa Mungu: mwanamke aliyetendewa nguvu hana kosa, usafi wake u katika nia yake, na kama hana kosa, kwa nini ajipe adhabu ya kifo? Amri ya kutoua, alisema, yamlinda hata mtu dhidi ya nafsi yake.

Yafaa hoja hii isomwe polepole. Ilipozaliwa, ilikuwa ngao ya walio hai. Wazee waliokuja baadaye waliigeuza ikawa fimbo ya kuwapigia waliokufa. Katika karne ya 6 mtaguso wa Braga uliwanyima waliojiua ibada ya maziko, na desturi hiyo ikadumu. Sheria mpya za Kanisa Katoliki za mwaka 1983 hazikuwataja tena miongoni mwa wanaonyimwa maziko, na Katekisimu ya mwaka 1992 yawataka waumini wasikate tamaa juu ya wokovu wao.

Katika Uislamu katazo liko wazi, katika Sura ya Nisaa. Na aya hiyo hiyo inayokataza inaishia kwa kutaja huruma ya Mwenyezi Mungu kwa waja wake. Kuna hadithi zenye kuogofya juu ya adhabu, na imepokewa pia kwamba Mtume hakumswalia yeye mwenyewe mtu mmoja aliyejiua. Wanazuoni wengi, hata hivyo, wameshikilia kwamba maiti huyo huoshwa na kuswaliwa kama Waislamu wengine, ingawa kiongozi aweza kujizuia ili kuwaonya walio hai. Katika mapokezi ya Muslim imo habari nyingine isiyosikika sana mimbarini. Tufayl bin Amr alihamia Madina pamoja na mtu wa kabila lake. Mtu yule akaugua, hakuyavumilia maumivu, akajiua. Tufayl akamwona ndotoni yu katika hali njema, ila mikono yake imefunikwa. Amesamehewa kwa ajili ya hijra yake, isipokuwa mikono aliyoiharibu mwenyewe. Tufayl alipomweleza Mtume ndoto hiyo, Mtume hakutoa hotuba. Alimwomba Mungu aisamehe na mikono yake pia.

Mila nazo zilikuwa na hofu zake. Mmisionari John Roscoe aliandika mwaka 1911 kwamba Waganda waliuchoma mwili wa aliyejiua penye njia panda, na wapita njia wakatupia majani ili mzimu usiwaingie. Msomaji asiharakishe kuziita hizo ni desturi za Kiafrika tu: Waingereza nao waliwazika watu hao njia panda mpaka sheria ya mwaka 1823 ilipoikomesha desturi hiyo. Sheria za adhabu walizotuletea mwaka 1930, Tanganyika na Kenya, zilimfanya mtu aliyejaribu kujiua na kuokoka kuwa mkosaji wa kupelekwa mahakamani. Wao wenyewe waliifuta sheria ya namna hiyo kwao mwaka 1961. Nchini Kenya, Mahakama Kuu iliamua Januari 2025 kwamba kifungu hicho kinapingana na Katiba.

Fasihi ndiyo iliyotufundisha kuuliza swali jingine. Badala ya kuuliza kama marehemu ametenda dhambi au ushujaa, mwandishi huanza mbali, tangu utotoni, akatuonyesha jinsi milango inavyofungwa mmoja baada ya mmoja. Chinua Achebe, katika riwaya yake ya mwaka 1958 iliyoletwa kwetu kwa jina la Hamkani si Shwari Tena, anamwonyesha Okonkwo, mtu mkubwa wa Umuofia, akifa kwa mkono wake. Watu wake hawaruhusiwi na mila kumgusa. Wanawaomba wageni wamzike. Rafiki yake Obierika anasimama katikati, hawezi kuivunja mila wala hawezi kumkana rafiki. Na Mzungu mtawala anawaza kumpa marehemu aya moja katika kitabu chake.

Kwetu, Euphrase Kezilahabi alithubutu zaidi, kwa kuwa hakuchagua jemadari. Katika Rosa Mistika, riwaya ya mwaka 1971, alimchagua msichana wa Ukerewe, binti wa Zakaria, mlevi anayeipiga nyumba yake na kuiita hiyo malezi. Rosa analelewa kwa kuwaogopa wanaume pasipo kuelezwa lolote juu yao. Akifika shuleni na chuoni, wenye dhamana juu yake wanakuwa miongoni mwa wanaomtumia. Mwisho anampata mchumba anayempenda kwa dhati, na mchumba huyo anamwacha kwa kuwa si bikira. Rosa anajiua. Ni maneno yale yale ya wapagani wa Roma, yaliyovuka miaka elfu moja na mia tano hadi katika kisiwa cha Ziwa Viktoria, na hapakuwa na Augustino wa kumjibia. Kitabu hicho kilipigwa marufuku mashuleni kwa muda. Walisema kinaharibu vijana. Sisi tulikisoma kwa siri, tukiwa watu wazima wenye watoto, na tuliona kwamba aliyetukanwa humo ni mzazi.

Katika Kichwamaji, ya mwaka 1974, Kazimoto naye anajiua, lakini huyo ni msomi wa Chuo Kikuu, na maswali yake yamekaribiana na ya Mfaransa Albert Camus, ambaye mwaka 1942 aliandika kwamba swali la kwanza la falsafa ni kama maisha yana thamani ya kuishiwa. Camus mwenyewe alijibu kwamba tuishi. Kazimoto hakulifikia jibu hilo. Tukisema kweli, Rosa ametugusa kuliko Kazimoto: Kazimoto ana maneno mengi ya kujieleza, Rosa hana.

Mwaka 1897, mwaka mmoja kabla ya Mlambalasi, Emile Durkheim alitoa kitabu huko Ufaransa akionyesha kwa hesabu kwamba idadi ya wanaojiua hupanda na kushuka kwa kadiri ya nguvu ya vifungo vinavyomshika mtu kwa wenzake. Twaweza kubishana na hesabu zake, na wengi wamebishana nazo. Lakini mwalimu aliyekaa na wanafunzi miaka mingi humtambua yule ambaye vifungo vyake vimelegea: anagawa vitu vyake, haketi tena na wenzake, anasema yeye ni mzigo. Kumwuliza kwa upole kama anawaza kufa hakumpandikizii wazo hilo; mara nyingi humpa mlango. Watu wetu husema mficha maradhi kifo humuumbua, na maradhi haya ndiyo yafichwayo kuliko yote.

Tumerudi kwa msichana wa wilaya ile. Hakuna aliyeuliza milango yake ilifungwa na nani, ingawa nadhani watu watatu au wanne walijua. Daftari la vifo lilikuwa chini ya ulinzi wetu. Wazee wa ukoo walikuja ofisini asubuhi, wakaketi, wakakohoa, wakatuomba tuandike kwamba amekufa kwa homa. Siku ile tuliona ni huruma. Tukachovya kalamu, tukaandika homa.