Dume la kihambani

Nilipokuwa bwana mifugo huku Kilimanjaro, kulikuwa na swali nililoulizwa mara nyingi kuliko la kupe au la kuhara: huyu ndama dume nimfanyeje? Ng'ombe wa kisasa akizaa jike, nyumba nzima hufurahi, na jina hupatikana siku hiyo hiyo. Akizaa dume, mama mwenye nyumba hutazama ndoo. Huyo atakunywa lita tatu au nne kwa siku kwa miezi mitatu hivi, maziwa ambayo yangekwenda dukani, na hatakamuliwa hata siku moja. Wengi humuuza kwa bei ya chee hata kitovu hakijakauka. Wachache humbakiza ili waje wamle. Majirani huwacheka, wakidhani ni ushamba au ni kutojua hesabu, kumbe hao wachache wanafanya jambo lililoanza mlimani kabla ng'ombe wa kisasa hajafika.

Mchagga wa zamani hakuwa mchungaji. Kihamba, yaani shamba linalozunguka nyumba, kilijaa migomba, na nafasi ya malisho haikuwepo. Tena zilikuwa nyakati za wamangi, yaani watawala wa Kichagga, kupigana, na ng'ombe ndiyo nyara iliyotafutwa kwanza, kwa hiyo kumwacha mnyama nje usiku ilikuwa ni kumgawa. Basi ng'ombe alilala ndani, katika nyumba ya msonge iliyoezekwa kwa majani, upande wake ukiwa hatua chache tu kutoka mekoni. Wanawake walishuka tambarare kukata majani na kuyapandisha kichwani, mzigo mkubwa kiasi kwamba kwa mbali uliona majani yanatembea. Samadi iliyozolewa asubuhi ilikwenda moja kwa moja shinani mwa migomba. Mnyama wa kuchinjwa alifungiwa humo ndani miezi mingi, akiletewa kila kitu mdomoni, mpaka anenepe.

Na si lazima awe amefungiwa kwa mwenyewe. Mwenye ng'ombe kadhaa aliwatawanya kwa watu, huyu kwa shemeji, yule kwa rafiki wa ng'ambo ya korongo, ili ugonjwa au wavamizi wasimmalizie wote, na pia ili macho ya mangi yasijue utajiri wake wote. Aliyemtunza mnyama alipata maziwa na samadi. Ndama walikuwa wa mwenyewe, na siku ya kuchinja mtunzaji alikuwa na fungu lake. Mimi naona busara ya mpango huo ilipimwa mwanzoni mwa miaka ya 1890, sotoka ilipofyeka ng'ombe Afrika Mashariki yote na Wamaasai huko chini wakabaki na fimbo tu.

Ng'ombe wa kizungu walitangulia kwenye mashamba ya walowezi, hasa upande wa Kilimanjaro Magharibi. Vihambani walikuja kuenea baada ya uhuru: Friesian, Ayrshire, Jersey, na zaidi ya wote machotara wao. Hawakuja kwenye ombwe. Zizi la ndani lilikuwepo, kukata majani kulikuwepo, na fedha ya kuwanunulia ilitoka kwenye kahawa, iliyokuwa na chama kikuu chake cha ushirika, KNCU, tangu 1933. Kisha kahawa ikaanguka. Mkataba wa kimataifa wa mgawo wa kahawa ulivunjika 1989, bei zikaporomoka, na ghafla ndoo ya maziwa ndiyo iliyolipa ada ya shule. Maziwa tangu zamani yalikuwa ya akina mama, na akina mama wa Nronga, Machame, walishaunda ushirika wao wa maziwa miaka hiyo ya 1980. Hapo ndipo ndama dume alipopoteza kesi. Kila lita aliyokunywa ilikuwa na bei.

Kilichomwokoa, kwa sehemu, ni deni. Mpango tuliouita kopa ng'ombe, lipa ng'ombe ulimpa mkulima mtamba mwenye mimba, naye alilipa kwa kumpa jirani mtamba wa kwanza atakayezaliwa. Dume hakuhesabiwa. Hakuna aliyekuja kumdai, hakuna daftari lililomtaja. Kwa familia iliyokuwa ikihesabu kila kitu kama mali ya mradi, huyo alikuwa mnyama wa kwanza wa kwao kabisa, na waliomtunza walijua wanamtunza kwa ajili ya Krismasi.

Kumnenepesha si kazi ndogo. Kigogo cha mgomba karibu chote ni maji. Dume anayelishwa hicho peke yake hupata tumbo kama mtungi huku mgongo umechongoka. Lazima yawepo matete au majani ya Guatemala, pumba za mahindi, mashudu ya alizeti fedha ikiruhusu, na kwenye nyumba inayopika mbege, pombe ya ndizi, machicha yake, ambayo ng'ombe huyanusa kutoka uani na kuanza kulia. Ahasiwe mapema, akiwa na miezi mitatu au minne, maana dume la Jersey, pamoja na macho yake ya upole, likikua huwa katili kuliko la Friesian. Ndama wa Jersey huzaliwa na kilo 25 hivi, wa Friesian 40, na watu humdharau huyo mdogo. Mimi ningemchagua. Hula kidogo, banda dogo linamtosha, na nyama yake ni laini. Muuza bucha hamtaki kwa sababu mafuta yake ni ya njano, na mteja wa mjini akiona njano anadhani ng'ombe alikuwa mzee au mgonjwa. Ni rangi inayotokana na majani mabichi, si ugonjwa. Nundu hana, hilo nakubali, na wazee wetu hulilalamikia kila mwaka.

Desemba watu wakirudi kutoka Dar es Salaam, dume wa mwaka na nusu au miaka miwili hutolewa. Mwenye kilo 250 hutoa mzoga wa kilo 120 hivi. Zamani panga ndilo lililogawa: pande hili la mkubwa wa ukoo, lile la wajomba, lile la mashemeji, na kukosea kipande kulizaa ugomvi wa miaka. Sasa mara nyingi wachangiaji huleta fedha, na mizani huning'inizwa mtini. Hata hivyo sijawahi kuona mizani ikianza kazi kabla mafungu ya wazee hayajatengwa pembeni, na mfupa wa mtori, supu ya ndizi ya mama aliyejifungua, haupimwi.

Siku hizi kuna mbegu za uhimilishaji zilizochujwa jinsia, ambazo kati ya ndama kumi karibu tisa huwa majike. Nilimshauri mzee mmoja wa Marangu azitumie. Akaniuliza, "Bwana mifugo, na Krismasi tutachinja nini?" Nikamwambia, "Mzee, utanunua maksai mnadani." Akakataa katakata, akataka mbegu ya kawaida ili apate dume. Ng'ombe wake akazaa jike.