Nani Anaendesha Hospitali? Historia Fupi ya Uongozi wa Huduma za Afya Kilimanjaro



Kila mwaka katika kijarida hiki tunaorodhesha mabati, mifuko ya saruji na vitanda mlivyochangia. Mwaka huu tumeona tuandike juu ya jambo ambalo halionekani kwenye picha za ufunguzi: hospitali zetu zimeendeshwaje tangu mwanzo, na nani.

Wamisionari wa Leipzig walifika Machame mwaka 1893, na tiba ikaja pamoja na kanisa na shule. Katika hospitali za misheni za zamani, daktari na muuguzi mkuu walibeba kila kitu. Walitibu, wakaagiza dawa, wakalipa mishahara na kuandika barua za kuomba fedha Ulaya. Mwaka 1926 Kibong'oto nayo ilifunguliwa kwa wagonjwa wa kifua kikuu. Kwa sehemu kubwa, wenyeji walifanya kazi wodini na jikoni, na daftari la fedha likabaki kwa mgeni.

Si kwamba wazee wetu hawakujua hesabu. Chama cha wakulima wa kahawa, KNPA, kilianzishwa mwaka 1925, kikafuatiwa na KNCU mwaka 1933. Makarani wa vyama vya msingi walipima kahawa na kuandika stakabadhi, na mkulima alijua kudai shilingi yake iliyopungua. Fedha za kahawa zilisomesha wengi wetu. Ujuzi wa kusimamia mali ya wengi tulikuwa nao, ila ulikaa kwenye ghala la kahawa na haukufika hospitalini.

Baada ya Uhuru mambo yalibadilika. Chuo cha udaktari kilianza Dar es Salaam mwaka 1963, na Machi 1971 Mwalimu Nyerere akafungua KCMC, hospitali ya rufaa ya kanda ya kaskazini. Kwa kuwa matibabu ya serikali yalikuwa bure, kazi kubwa ya kiongozi wa hospitali ya serikali ilikuwa kugawa kilicholetwa. Uchumi ulipoyumba miaka ya 1980, kilicholetwa kikapungua.

Mwaka 1993 uchangiaji wa gharama ulianza katika hospitali za serikali. Mwaka 2001 Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya ulianza kazi. Kuanzia mwaka wa fedha 2017/18, fedha zikaanza kupelekwa moja kwa moja kwenye akaunti za vituo, hata zahanati. Kwetu sisi wahasibu, hayo ni mapinduzi: zahanati iliyozoea kusubiri mgao sasa ina akaunti, bajeti na vitabu vya kukaguliwa.

Tuchukue mfano wa bima. Mgonjwa mwenye kadi anatibiwa leo. Kituo kinajaza fomu, kinapeleka madai, ndipo kinalipwa. Saini ikikosekana, au dawa isipolingana na ugonjwa ulioandikwa, dai linakatwa. Dawa imeshatoka na fedha hairudi, kwa hiyo mwezi unaofuata rafu ni tupu na mama mwenye mtoto mwenye homa anaambiwa akanunue nje. Jengo ni zuri, mganga yupo, lakini kituo kimeshindwa mezani.

Kazi ya meza hiyo inasomewa. Serikali ina kada ya makatibu wa afya, ambao husimamia watumishi, vifaa na mipango ya hospitali. Mzumbe, iliyokuwa IDM tangu 1972 na kuwa chuo kikuu mwaka 2001, hutoa shahada ya usimamizi wa mifumo ya afya. Wapo pia wanaoanzia kwenye tiba. Profesa Esther Mwaikambo, mzaliwa wa Kilimanjaro na daktari wa kwanza mwanamke wa Tanganyika, alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa chama cha madaktari wanawake, MEWATA, mwaka 1987, na baadaye akawa Makamu Mkuu wa Chuo Kikuu cha Hubert Kairuki.

Hata hivyo, majumbani kwetu mtoto akipenda hospitali tunamwambia awe daktari au nesi, basi. Anayeweza hesabu na kupanga kazi za watu hatumwonyeshi mlango huu.

Ndiyo maana mwaka huu tunaomba sehemu ya harambee iende kwa watu. Tunataka kuwalipia ada vijana wetu wanaosomea usimamizi wa afya. Tunataka pia kuwafundisha wajumbe wa kamati za usimamizi wa vituo, ambao ni wananchi wenzetu, kusoma taarifa ya fedha na kuuliza maswali. Gharama yake ni ndogo kuliko ya wodi moja, na dawa mlizochangia zitakaa rafuni.

Desemba mkirudi vihambani, piteni kituo cha afya kilicho karibu nanyi. Salimieni watumishi, kisha muulize madai ya bima ya mwezi uliopita yamelipwa kiasi gani. Fomu ya ahadi imo ukurasa wa mwisho.