Kutoka Kuluba mpaka New York: Nani Anamhesabu Mtoto?



Safari hii tunaandika juu ya swali ambalo huwa linarudi kila tukikaa chini ya mwembe. Mtoto akivuka mpaka usiku bila mama wala baba, nani anajua? Na habari yake inafikaje kwa yule mtu wa mbali mwenye uwezo wa kutuma dawa, hema, au pesa ya kumtafutia wazazi? Hapa kwetu Arua na Koboko tumezoea neno moja: makao makuu. Makao makuu yamekataa. Tunangoja makao makuu. Tunalitamka kama tunavyosema mvua imechelewa. Lakini makao makuu ni watu, na wana historia. Sehemu ya historia hiyo imepita hapahapa.

Tuanzie mbali kidogo. Mwaka 1919, mjini London, mwanamke anaitwa Eglantyne Jebb alikamatwa kwa kugawa karatasi zenye picha ya watoto wa Austria waliokuwa wanakufa njaa. Vita vilikuwa vimeisha, lakini chakula kilikuwa bado kinazuiwa kufika kwa walioshindwa. Alitozwa faini ya pauni 5. Mwaka huohuo yeye na dada yake Dorothy Buxton wakaanzisha Save the Children. Mwaka 1924 Jumuiya ya Mataifa ikapitisha Azimio la Geneva, lililosema kwamba wakati wa shida mtoto ndiye wa kwanza kusaidiwa. UNICEF ikazaliwa tarehe 11 Desemba 1946, na kazi yake ya mwanzo ilikuwa kuwasaidia watoto wa nchi zilizoharibiwa na vita, hasa Ulaya. Ndiyo, Ulaya! Kijana wa kambini anayeona aibu kupanga foleni akumbuke hilo. Kuna vikongwe huko ambao utotoni walikunywa maziwa ya msaada.

Sasa turudi West Nile. Serikali ya Idi Amin ilipoanguka Aprili 1979, watu wa upande huu walilipiziwa kisasi kwa sababu ya asili yao. Kuanzia 1980 watu wengi sana wa Arua, Koboko, Yumbe na Moyo walikimbilia Sudan na Zaire. Juni 1981 raia waliuawa Ombaci, karibu na mji wa Arua, wakiwa wamejificha kwenye misheni. Kwa hiyo mzee Mkakwa anayekukodishia shamba leo huenda alikulia ukimbizini Yei au Aru. Wazee wetu walimpokea yeye, leo yeye anatupokea sisi. Tukiwauliza wazee wa Koboko, hawahitaji kueleza sana. Wanasema tu, "Sisi pia tulibeba godoro kichwani."

Mwaka 1982 na 1983 mtafiti Barbara Harrell-Bond alikaa kusini mwa Sudan, upande wa Yei, akiwatazama hao wakimbizi wa Uganda na mashirika yaliyokuja kuwasaidia. Kitabu chake, Imposing Aid, kilitoka 1986, na kiliwaudhi baadhi ya watu wa mashirika. Alionyesha kwamba wakimbizi wengi walikuwa wanaishi nje ya makambi, kwa nguvu zao na kwa ukarimu wa wenyeji, na kwamba misaada mingi ilipangwa bila kuwauliza wao. Shirika lilitoa hesabu kwa mfadhili. Kwa mkimbizi halikutoa hesabu yoyote. Kidole hicho aliwanyooshea makao makuu miaka arobaini iliyopita, akiwa mwendo mfupi tu kutoka hapa.

Kuna waliojifunza. Mwaka 1989, baada ya njaa mbaya ya Sudan ya Kusini, ulianza mpango wa Operation Lifeline Sudan. UNICEF na WFP zilikubaliana na serikali ya Khartoum na pia na waasi wa SPLA ili chakula kipite katikati ya vita. Ndege zikawa zinaruka kutoka Lokichoggio, Kenya. Lilikuwa jambo jipya kabisa, lakini halikutosha: mwaka 1998 njaa ilirudi Bahr el Ghazal, mpango huo ukiwa bado upo. Mwaka huohuo wa 1998 UNICEF iliandika kwa mara ya kwanza ahadi zake za msingi kwa watoto wakati wa dharura, ili kila ofisi ijue inadaiwa nini bila kungoja barua.

Halafu kuna somo la Rwanda. Mwaka 1994 watoto walipotea kwa maelfu kwenye njia ya Goma na kwingineko. Kila shirika likiweka daftari lake, mama angelazimika kuzunguka mlango hadi mlango. Msalaba Mwekundu, UNHCR, UNICEF na Save the Children wakafanya kazi hiyo pamoja, na watoto zaidi ya 100,000 wakaandikishwa. Wengi waliwapata watu wao. Faida yake tunaiona mpaka leo: mtu wa Msalaba Mwekundu akikupa simu ya bure umtafute mama, anatumia njia ambayo watoto wa Rwanda walisaidia kuifungua.

Mwaka 2005 Umoja wa Mataifa ulibadilisha mpangilio. Kazi ziligawanywa kwa makundi: afya, maji, elimu, ulinzi, na kila kundi na kiongozi wake. Uganda ilikuwa miongoni mwa nchi za kwanza kuujaribu mpango huo, kwa ajili ya watu waliofukuzwa makwao na vita vya kaskazini. Machi 2006 ukaanza pia mfuko wa CERF, ili pesa ya kwanza itoke haraka kabla wafadhili hawajamaliza vikao vyao.

Lakini sikilizeni hapa, hasa ninyi wa mashirika. Makundi hayo ni ya watu walio ndani ya nchi yao. Mkimbizi ana mpangilio mwingine: hapa Uganda unaongozwa na Ofisi ya Waziri Mkuu, ile tunayoiita OPM, pamoja na UNHCR, na UNICEF na wengine wanasaidia. Februari 2014 makao makuu ya Umoja wa Mataifa yalitangaza Sudan Kusini kuwa dharura ya ngazi ya 3, ya juu kabisa. Tangazo hilo lilihusu upande ule. Yaani mtoto akivuka kutoka Kaya kuja Oraba, kwa miguu yake ni mwendo mdogo tu, lakini kwa makaratasi ametoka kwenye nyumba moja na kuingia nyingine. Mtoto anavuka, na faili lake, kama lilikuwepo, linaweza kubaki nyuma.

Tuliyaona haya mwaka 2016. Vita vilipolipuka Juba mwezi wa saba, watu walimiminika. Bidibidi ilifunguliwa Agosti, na kabla mwaka haujaisha ilikuwa na watu zaidi ya 250,000. Februari 2017 ikafuata Imvepi. Agosti 2017 Wasudan Kusini walio Uganda walifika milioni 1, na wengi wao ni watoto. Mwezi wa Juni mwaka huo ulifanyika mkutano mkubwa Kampala kutafuta dola bilioni 2; ahadi zilizotolewa ziliishia kwenye dola milioni 350 hivi.

Mmoja wetu alipita kituo cha Kuluba, Koboko, siku hizo. Alikuwa na miaka 12, na mdogo wake mkononi. Waliandikwa mara tatu, na watu watatu tofauti. Daftari moja liliwaweka na mama jirani waliyetembea naye njiani. Jingine likasema wako peke yao. La tatu likakosea jina. Miezi ikapita. Mama yao alikuwa hai, kwenye makazi mengine, naye alikuwa anauliza kila wiki. Lakini aliuliza kwa jina la nyumbani, na orodha ilikuwa na jina la ubatizo. Ofisi zote zilikuwa na taarifa sahihi kwa namna yake, na hakuna aliyemwona mtoto. Aliyefungua fundo ni kijana mkalimani, wa kujitolea, aliyeuliza swali moja: "Nyumbani walikuwa wanakuitaje?" Wiki mbili baadaye walikuwa wanalia mikononi mwa mama yao.

Hatusemi hili kumlaumu mtu. Watu wa kituo walikuwa hawalali. Tunasema kwa sababu sasa hali ni ngumu zaidi. Mei 2025 WFP, kwa kukosa fedha, iliondoa watu wapatao milioni 1 kwenye msaada wa chakula hapa Uganda. Ofisi zinapungua, wafanyakazi wanaondoka. Pesa ikipungua, mnyororo hukatika kwanza kwenye pete ya mwisho, ile inayomgusa mtoto. New York haitakatika, Nairobi haitakatika. Atakayekosekana ni yule mkalimani.

Kwa hiyo tunaomba mambo mawili tu. Ninyi wa mashirika: mkiandika bajeti, msimweke mkalimani na mhamasishaji wa zoni kwenye mstari wa kwanza wa kufutwa. Na fomu zenu ziwe na nafasi ya jina la nyumbani, jina la ukoo na kijiji.

Na sisi vijana: tusingoje cheo. Kwenye bloku yako, mjue kila mtoto anayeishi na watu wasio wake. Mjue kwa jina analoitwa nyumbani. Mwambie kiongozi wenu wa RWC, mwambie mtu wa ulinzi wa watoto, na akinyamaza rudi tena kesho. Eglantyne Jebb alianza na karatasi ya kugawa barabarani. Sisi wengi wetu tuna simu na miguu, na lugha nne au tano kila mmoja.

Mwenzetu yule wa Kuluba sasa anafanya kazi ya ukalimani. Kila mtoto akifika mbele yake, swali lake la kwanza analijua bila kuangalia fomu.